Waya wa Chini

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Plaizi aliuzunguka uzio. Hakuna aliyemtuma. Alitoka jikoni na kandambili zake, akapita nyuma ya banda la kuku, akashuka mteremko wa shamba mpaka kule chini kwenye kijito, kisha akapanda upande wa pili mpaka kwenye geti la barabarani. Kila nguzo aliyoifikia aliigusa. Bibi yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu lakini masikio yake bado makali, alikaa kibarazani akimsubiri.

"Mke mwenzangu," bibi aliuliza kila siku, "zimelala salama?"

"Zimelala salama, bibi."

"Hakuna iliyotoroka?"

"Hakuna."

"Basi njoo unywe chai. Nguzo hazina shule, wewe unayo."

Plaizi halikuwa jina lake la shule. La shule lilikuwa zuri, la kuandikwa juu ya daftari. Hili la nyumbani alipewa na baba yake, fundi wa uzio, siku walizokuwa wakijenga uzio huo wao wawili. Baba alikuwa akilala kifudifudi kwenye majani, anafunga waya, anaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka na kusema, "Plaizi." Kabla neno halijaisha, koleo la kukatia waya lilikuwa tayari kiganjani mwake. Ikafika mahali baba akawa anaita hivyo hata mezani, hata akiwa anataka chumvi tu, na jina likaganda.

Uzio wenyewe ulikuwa wa kujivunia. Baba aliujenga baada ya mbuzi wa jirani kuingia shambani na kula mboga za bibi mpaka mashina. Baba si mtu wa kufoka. Alinyamaza siku nzima, na kesho yake akaanza kuchimba mashimo. Alivuta waya juu ya waya, zote za miiba, wa chini kabisa ukigusa majani, pande zote za shamba bila kubagua. "Hapa hata panya akitaka kupita ataomba ruhusa," alisema, akajifuta jasho.

Kila waya aliufunga kwenye nguzo kwa fundo lake mwenyewe. Aliuzungusha mara tatu, kisha ncha akairudisha ndani, chini ya mzunguko wa kwanza, isije ikamchana mtu. Mafundi wengine hukata ncha wakaiacha imetokeza. Baba alisema fundi anayeacha ncha nje ni fundi asiye na mtoto. Alimfundisha Plaizi kulifunga fundo hilo na kulifungua, na mpaka leo nyumba nzima hakuna mwingine anayeliweza.

Mvua zilipokwisha baba aliondoka. Kulikuwa na shamba kubwa mbali sana linalozungushiwa uzio, na kazi ya namna hiyo haiji mlangoni kila siku. Ndivyo ilivyo kazi ya fundi wa uzio: anawazungushia wenzake makwao, na yeye yuko mbali na kwake. Koti lake la kazi lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Plaizi ndogo, ile ya mpini mwekundu, alimwachia binti yake, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Siku nyingine, mama akiwa kazini na bibi akiwa amesinzia, Plaizi alisimama nyuma ya mlango na kuweka pua yake kwenye lile koti. Harufu ilikuwa ikipungua kila mwezi, na jambo hilo lilimtia hofu asiyoweza kumwambia mtu.

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa siku ya simu. Kule alikokuwa baba mtandao ulikuwa wa shida, mpaka apande kilimani kwenye tangi la maji. Alizungumza kwanza na bibi, mama yake, kisha na mama, na mwisho na Plaizi, salio likiwa limekaribia kukata roho.

"Plaizi. Uzio unaendeleaje?"

"Mzima, baba. Waya wa juu haujalegea."

"Nguzo ya pembeni?"

"Imesimama."

"Haya. Soma sana."

Simu ikakatika. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo. Plaizi alibaki amekaa kwenye ngazi ya mlango, maneno aliyokuwa ameyaandaa wiki nzima hayajasemwa. Alitaka kumwambia, "Baba, nimekukumbuka." Lakini baba alipouliza habari za uzio, yeye alijibu habari za uzio. Ndiyo maana aliuzunguka kila asubuhi. Kugusa nguzo ambazo baba alizisimamisha kwa mikono yake kulikaribia kumgusa yeye mwenyewe.

Sasa, lilikuwapo jambo moja ambalo Plaizi hakuwahi kulisema kwenye simu. Kiangazi hicho, muda mfupi baada ya baba kuondoka, swala walishuka kutoka vichakani kwenda kunywa maji kijitoni, kama walivyozoea miaka yote. Mmoja wao aliruka uzio, mguu wa nyuma ukapita kati ya nyaya mbili za juu, nyaya zikajikunja zikaukamata. Asubuhi walimkuta ananing'inia, amekwisha kufa. Mama alimfukia, na alipomaliza alisimama na jembe lake akiutazama ule waya.

"Akinaswa mwingine," mama alisema, "uzio huu nitaukata mimi mwenyewe, fundi awepo asiwepo."

Mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, aliamka kabla ya jogoo, na alichokisema alfajiri kilikuwa kimefanyika kabla ya saa sita. Tangu siku ile Plaizi alianza kuamka mapema zaidi.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa alipouona mdomo mdogo mweusi kwenye majani.

Alikuwa chini kabisa ya shamba, karibu na kijito, mahali ambapo jembe halifiki na majani yanafika magotini. Mtoto wa swala alikuwa amelala ndani ya uzio, amejikunja, masikio yamelala nyuma, hatikisiki. Nje ya uzio, ng'ambo ya waya, alisimama mama yake. Alikuwa akitoa sauti ndogo ya kooni, ya chini, kama mtu anayeita huku akiogopa kusikiwa.

Haikuwa vigumu kuelewa yaliyotokea. Mama wa Plaizi alipotoka alfajiri kwenda kazini alikuwa ameuegesha mlango wa geti tu bila kuufunga, na umande ulikuwa bado na alama za kwato kutoka barabarani. Wawili hao waliingia, mbwa wa njiani akabweka, mama swala akakimbia kushuka mteremko na kuruka. Kutoka juu kwenda chini aliweza. Kutoka chini kurudi juu asingeweza, kwa kuwa pale uzio ulisimama mrefu kuliko yeye. Na mtoto hakuweza kuruka wala kupenya, maana waya wa chini uligusa majani, kama fundi alivyotaka.

Plaizi alichuchumaa. Neno la kwanza lililomjia halikuwa "maskini." Lilikuwa, "Mama asijue."

Aliporudi kibarazani, bibi aliinamisha kichwa, akisikiliza.

"Zimelala salama?"

"Zimelala salama, bibi."

"Mbona kuna mtu anaita huko chini?"

"Ni ndege tu."

"Ndege," bibi alisema. "Haya. Huyo ndege ana koo la mzazi."

Plaizi alikunywa chai yake ikamuunguza ulimi.

Darasani siku hiyo mwalimu wa hesabu alimwita ubaoni mara mbili na mara zote mbili alisimama tu na chaki mkononi. Kichwani alikuwa anapanga. Akitoka shule atalifungua geti lote wazi, mtoto wa swala atatoka alikoingilia, atazunguka hadi kijitoni, mambo yatakwisha kabla mama hajaamka kutoka usingizi wake wa mchana. Uzio utabaki. Jumamosi baba atauliza na yeye atajibu, "Mzima." Mpango ulionekana mzuri, kama mipango mingi inavyoonekana mtu akiwa mbali na jambo lenyewe.

Alisahau mbuzi. Geti lilikuwa halijakaa wazi kwa muda wa kunywa maji walipoingia, wakubwa kwa wadogo, wakaelekea moja kwa moja kwenye mboga za bibi, kana kwamba walialikwa. Nyuma yao alikuja binti wa jirani akipiga mluzi. Huyu alisoma darasa moja na Plaizi na wote walimwita Sauti, kwa sababu hakujua kunong'ona.

"Mbona mmeacha geti wazi?" aliuliza Sauti, na mtaa mzima ukasikia.

"Nyamaza. Nisaidie kuwatoa."

Waliwafukuza mbuzi huku na huko. Katika purukushani hizo mbuzi mmoja alishuka mpaka kwenye majani marefu, na yule mtoto wa swala akaruka kutoka mafichoni. Hakwenda getini. Alikimbilia kule alikosimama mama yake, mbio zote, na akaingia kwenye waya kwa kifua. Hakuuona. Akarudi nyuma, akajaribu tena mbele kidogo, na tena, akikimbia kandokando ya uzio na kuupiga kwa kifua kila alipodhani pana njia. Mama yake alikimbia naye sambamba upande wa nje. Mwisho nguvu zilimwisha akaanguka majanini, na kifuani kulikuwa na mistari myekundu.

Sauti kwa mara ya kwanza maishani alizungumza polepole. "Mwambie mama yako."

"Ataukata uzio."

"Si aukate? Kwani uzio ni mtu?"

Sauti alikuwa na baba aliyekuja nyumbani kila jioni, akivua viatu mlangoni na kuuliza chakula kiko wapi. Hawezi kujua mtu anavyoweza kushikilia kipande cha waya.

"Usimwambie mtu," Plaizi alisema.

"Sisemi," Sauti aliahidi. Kwa Sauti, hiyo ilikuwa sawa na kuahidi kwamba ataruka angani, lakini siku hiyo alijitahidi kweli.

Jioni Plaizi aliteremka na bakuli la maziwa. Mtoto wa swala hakuyagusa. Aligeuza kichwa upande wa kijito, akautazama waya na kile kilichokuwa nyuma yake. Plaizi aliyaacha maziwa kwenye majani akakaa kwa mbali, magoti kifuani. Alimwona mama swala akija, akisimama, akiinyoosha shingo, pua yake ikagusa mwiba, akairudisha. Alitamani sana wakati ule kuwa na baba pembeni yake. Angeunyoosha tu mkono nyuma bila kugeuka, na Plaizi angejua la kufanya.

Jumamosi mchana mama alirudi kutoka kazini akinukia mkate, na mzigo wa magunia matupu ya unga chini ya kwapa, kama kawaida yake, maana mama hatupi kitu. Bibi alimpokea kwa kulalamika juu ya mboga zake, ambazo zilikuwa zimenyonyolewa na hakuna aliyetaka kusema na nani. Mama alimtazama Plaizi. Plaizi aliutazama ukuta. Alikuwa ametoka kule chini muda huo huo, na mtoto wa swala alikuwa hainui tena kichwa.

Simu ya mama, yenye kioo kilichopasuka pembeni, iliwekwa dirishani kama kila Jumamosi. Ililia alasiri. Mama aliweka sauti ya nje ili bibi asikie vizuri. Bibi alimwuliza mwanawe kama anakula. Mama alimwuliza kama amelala vizuri. Kisha simu ikaja mkononi mwa Plaizi.

"Plaizi. Uzio unaendeleaje?"

Neno "mzima" lilikuwa tayari mdomoni. Kutoka kule chini, kupitia dirishani, ilisikika ile sauti ya kooni.

"Unaumiza, baba," alisema.

"Unasemaje?"

Basi akasema yote, haraka haraka kabla ya salio kuisha na kabla ya moyo kurudi nyuma. Alisema habari za geti, na mbuzi, na mtoto wa swala anavyoupiga waya kwa kifua kwa sababu hauoni. Alimsema hata yule wa kiangazi, aliyekufa ananing'inia. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono mdomoni.

"Mama yake huyo mtoto yuko wapi?" baba aliuliza.

"Kijitoni. Hajaondoka tangu jana. Anamwita tu."

"Na wewe umenyamaza tangu jana?"

"Mama alisema akinaswa mwingine ataukata. Na ni uzio wako, baba. Mimi nikiushika ni kama wewe uko hapa."

Bibi aligeuza uso upande wa ukuta.

"Sikiliza, mwanangu," baba alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Wewe ukitaka kunisikia, mama yako anakupa simu. Yule aliye huko kijitoni hana simu. Ana hiyo sauti yake tu, na mimi nimeweka waya katikati."

"Kwa hiyo tuukate?"

"Nani kasema mkate? Waya uliovutwa ni kama shangazi yako akikasirika, usisimame mbele yake wala usimkatize. Unafunguliwa polepole. Fundo langu unalikumbuka?"

"Nalikumbuka."

"Basi fungua nyaya mbili za chini, pale pale aliposimama yule mama. Mama yako azishike zisichomoke kwa nguvu, avae kitu kizito mikononi. Mkishamaliza, zipandisheni mzifunge kwenye waya wa tatu. Mbuzi wanatokea barabarani. Kule kijitoni nilikuwa namzuia nani? Nilijenga kwa hasira tu. Nilitaka kukwambia siku nyingi. Huku kila asubuhi kabla ya kazi tunapita kwenye waya kuwatoa walionaswa. Kobe, sungura, siku moja paa na mtoto tumboni. Siku nyingine tunachelewa. Nilikuwa nakuuliza habari za uzio nikitumaini utaniambia, na ukisema mzima nashukuru, sikuulizi zaidi. Wote wawili tulikuwa tunaficha jambo moja. Haya nendeni, na mkimaliza—"

Hapo salio likaisha.

Mama hakumgombeza. Labda baadaye, lakini si wakati ule. Alifungua mkoba wake wa kazi akatoa glavu nene za kutolea mikate kwenye tanuri, zimeungua vidoleni, akazivaa. Plaizi aliifungua ile plaizi ya mpini mwekundu kutoka kwenye kitambaa chake. Wakashuka mteremko, na mama swala alipowaona alirudi nyuma mpaka kwenye kichaka, lakini hakuondoka.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko Plaizi alivyodhani. Jua na umande vilikuwa vimekaza lile fundo, na yeye alipaswa kulala kifudifudi kama baba alivyokuwa akilala, majani yakimchoma shingoni. Mama alisimama kando, si mbele, ameukamata waya kwa glavu zake. Plaizi aliivuta ncha iliyofichwa chini ya mzunguko wa kwanza. Mzunguko mmoja. Wa pili. Waya ulipojaribu kuruka mama aliudaka, akaushusha taratibu kama anayelaza mtoto.

"Baba yako na mafundo yake," mama alisema, akihema. "Mtu angefikiri anafunga mlango wa mbinguni."

Plaizi alicheka, na katikati ya kicheko akagundua analia.

Walipomaliza, nyaya mbili za chini zilikuwa zimepandishwa na kufungwa kwa fundo la baba, ncha ndani. Palikuwa na mwanya wa kupita mtoto, ndani na nje. Walirudi kibarazani, wakakaa pamoja na bibi, ambaye aliamuru hata kuku wanyamaze.

Jua liliteremka. Kule chini hapakutikisika kitu. Plaizi alianza kufikiri kwamba wamechelewa, kwamba laiti angesema jana asubuhi, na wazo hilo lilikuwa chungu kiasi kwamba alikaza macho yake kwenye nguzo moja tu.

"Ameita," bibi alinong'ona. Kisha, "Ameita tena." Kisha akainua kidole. "Kuna anayesimama."

Majani yalitikisika. Mtoto wa swala aliinuka, akayumba, akaanguka, akainuka tena. Alienda kandokando ya uzio kama jana, akikiweka kifua chake kwenye waya na kukirudisha, hatua kwa hatua. Alipofika pale pa mwanya alisimama. Alinyoosha pua mbele, akangoja kuchomwa. Hakuchomwa. Akangoja kidogo tena, kama asiyeamini, kisha akainama na kupita.

Mama yake alimfikia kabla hajanyoosha miguu. Alimnusa kichwa, akamnusa mgongo, akaanza kumlamba pale kwenye mistari myekundu ya kifua. Mtoto aliingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake na kunyonya, mkia ukitikisika. Mama wa Plaizi alivua glavu moja, akamvuta binti yake kwapani. Plaizi alifurahi, na bado moyo ulimuuma. Aliona jinsi wale wawili walivyokutana tena na akamtaka baba yake, pale pale, na miguu yake yenye vumbi na yote.

Jumapili Sauti alikuja, akisema amebanwa na ile siri mpaka tumbo limemuuma. Walikata magunia meupe ya unga kuwa vipande virefu na kuvifunga kwenye waya wa juu pande zote, ili yeyote anayekuja mbio auone uzio kabla haujamwona yeye. Bibi alipanda mboga upya. Kwa adhabu ya kunyamaza, na mama hakusahau adhabu, Plaizi ndiye aliyezimwagilia.

Jumamosi iliyofuata simu ililia alasiri kama kawaida. Bibi alizungumza, mama alizungumza, ikafika zamu ya Plaizi. Alijiandaa kusema kwamba vitambaa havijapeperuka na kwamba nguzo ya pembeni imesimama.

"Plaizi," baba alisema. "Wewe unaendeleaje?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Nimekukumbuka, baba," alisema, na sauti yake ilipasuka katikati. "Nimekukumbuka kila siku."

Alisikia upepo wa kule kilimani ukivuma kwenye simu.

"Nami nimekukumbuka, mwanangu. Kila nikinyoosha mkono nyuma, hakuna anayenipa kitu." Akakohoa. "Nisikilize, na hili ulishike. Jambo linaloumiza mwingine halifichwi, hata kama kulisema kutakugharimu unachokipenda. Ungesema mapema, yule mdogo asingelala na njaa. Na mimi nina langu. Nilikuwa naificha ncha ya waya ili isimchome mtoto wangu, nikajiona fundi mwema, nikasahau kwamba nje ya uzio kuna watoto wa wenzangu. Shamba ni letu. Njia ya kwenda majini si yetu, tumeikuta. Huo mwanya usiufunge."

"Siufungi, baba."

"Kazi ikiisha narudi. Nitautengeneza vizuri, mimi na wewe."

"Lini?"

"Ikiisha," baba alisema, kwa sababu hakupenda kumdanganya, na salio likaisha.

Kesho yake asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Plaizi alitoka na kandambili zake. Alipita nyuma ya banda la kuku, akashuka mpaka kijitoni, akachuchumaa kwenye mwanya. Udongo ulikuwa na umande, na alama mpya za kwato. Alikaa pale muda mrefu kuliko kawaida, kisha akapanda kurudi nyumbani.

"Mke mwenzangu," bibi aliuliza, "zimelala salama?"

"Zimelala salama, bibi," Plaizi alisema. "Na kuna waliopita."